Kostiki jichoni mwa wifi yangu

Leo nimemfokea shangazi yangu mbele ya mtaa wetu mzima wa Mchafukoge.

Dukani kwetu tunauza vitu vya kutengenezea sabuni. Wifi yangu Salma alikuwa anamimina kostiki, ile dawa kali ya sabuni inayounguza ngozi, ikamrukia jichoni.

Alivyopiga kelele! Nikamvuta hadi bombani, nikalishikilia jicho wazi, maji yatiririke.

Shangazi akaja mbio na jirani anayenyonyesha.

"Mwache! Dawa ya jicho ni maziwa ya mama. Hayo maji yatampofua!"

Shangazi akafunga bomba.

Jamani, huyu ndiye aliyenilea.

"Shangazi, toka hapo!" Nikamsukuma, nikafungua tena.

Mtaa mzima unatutazama. Salma analia, "Inaunguza, usiniachie."

Tulikaa pale bombani mpaka tukalowa chapachapa, ndipo tukakimbilia hospitali.

Daktari kampima muda mrefu, roho yangu iko mkononi. Mwisho akasema, "Limeungua, lakini litaona. Yale maji ndiyo yaliyoliokoa."

Shangazi, aliyekuwa ametufuata, alisikia. 

Tumerudi nyumbani, amekaa anampepea Salma. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, shangazi."

Akaendelea kupepea.

"Marahaba. Lakini ulinisukuma, mwanangu."

Niambieni ukweli, ningefanyaje?