Barafu ya Ukwaju na Jino la Mama

Taya la mama lilipoanza kuvimba, mtu wa kwanza niliyemshuku alikuwa jirani yetu. Mama ndiye msomaji wa maulidi ya wanawake mtaani kwetu Amani, na jirani huyo alimsifu sauti mbele ya kadamnasi bila ya kusema mashaallah, neno la kukinga jicho la hasadi. Haukupita muda, shavu la kushoto likajaa. Mimi sikuhitaji ushahidi mwengine.

"Jino tu hili," alisema mama, akabana karafuu kwenye ufizi.

Karafuu haikusaidia kitu, tukenda kwa daktari wa meno Mji Mkongwe. Akapiga picha, akatuonesha kivuli cheusi chini ya mzizi. Jino limekufa, akasema, na usaha umejikusanya kwenye mfupa. Mama akameza dawa mpaka zikesha, akaongezwa nyengine, na shavu likazidi. Daktari akatwambia turudi Jumatatu aling'oe.

Hapo shaka yangu ikahama kwa jirani ikamwendea daktari. Usaha gani usiouma, usio na homa?

"We mtoto ulizaliwa na shaka," mama alinikemea. "Mwenzio kasomea."

Jumapili mchana jirani alituletea barafu za ukwaju, zile anazogandisha kwenye vifuko vya plastiki. Yangu niliiweka kando. Mama, asiye na dhana mbaya na mtu, aliing'ata yake upande wa kushoto, akaruka.

"Uwii! Jino langu!"

"Lipi, mama?"

Akaliwekea kidole. Lile lile.

"Basi halijafa," nilisema. "Maiti hasikii baridi."

Jumatatu sikumpeleka kung'olewa. Nilimpeleka hospitali kubwa, na njia nzima alininunia. Daktari wa huko, mwanamke mtu mzima, aliligusa jino kwa kitu baridi, mama akashtuka. Kisha daktari akaubonyeza mfupa wa taya taratibu, na uso wake ukabadilika. Akakata kinyama kidogo kikapimwe.

Majibu yalipotoka, jino halikuwa na kosa lolote. Ulikuwa uvimbe unaoota ndani ya taya, si saratani, lakini unakula mfupa kimya kimya. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nikikitafuta nyumba ya pili.

"Kipande cha taya lazima kitoke, Bibi," alisema daktari.

Mama hakuuliza habari ya uso wake. "Ntasoma tena?"

"Utasoma. Lakini mdomo wa chini, upande huu, huenda ukafa ganzi."

Nililia kwenye ngazi za hospitali, na sikujali nani ananiona.

Maulidi ya kwanza baada ya operesheni yalisomwa kwetu. Shavu limebonyea, mdomo umekwenda upande, lakini mama alipofungua kinywa, sauti ilitoka ile ile. Katikati ya kusoma mate yakaanza kumtiririka kidevuni, naye hana habari. Nilikuwa mbali. Jirani, aliyekaa ubavuni pake, akachukua ncha ya kanga yake, akamfuta taratibu, na mama akaendelea bila ya kukatisha neno.

"Jamani, sauti haikupungua hata chembe!" jirani alisema walipomaliza.

Nikangoja. Hakuongeza kitu.

"Mashaallah," nilisema mimi, kwa sauti, kwa niaba yake.