Mabano ya Mwanapili

Mwanapili binti Jecha alizaliwa Ole, akaolewa Jadida, mjini Wete, na akafiwa na mume angali kijana. Hakutaka kurudi shamba kwao Ole. Mwaka 1944 alisikia kwamba Unguja wanapokea wanawake wanaotaka kusomea ualimu, ila mtihani una aljebra, na hesabu zake yeye ziliishia kwenye kugawanya.

Akabisha hodi kwa jirani yake Shardaben, mke wa Kantilal muuza nguo, aliyesoma Unguja kabla ya kuolewa.

"Aljebra?" Shardaben akacheka kwa furaha. "Karibu, Bi Mwanapili. Tangu niolewe sijapata wa kuizungumza naye. Njoo kila siku baada ya alasiri."

Wakawa wanakaa ukumbini, nyuma ya duka. Mambo yakaenda vizuri mpaka siku Shardaben alipoandika kibaoni:

xy + 5x − 2y − 10

"Vipande vinne, na hakuna kitu kilichomo katika vyote. Basi vifunge viwili viwili, kila fungu utoe chake nje. Mabano yakifanana, umeshapata."

Fungu la kwanza likampa Mwanapili x(y + 5). La pili, −2(y − 5). Hayafanani. Akafuta, akarudia, yakatoka yale yale.

"Miye haya siyawezi, bibi," akasema, akaenda zake bila kunywa chai.

Asubuhi yake alikuwa akimenya muhogo, zile herufi zimemganda kichwani. Kwani lazima nifunge vilivyokaa pamoja? Akaokota mkaa, akaandika sakafuni: xy na −2y, halafu 5x na −10.

y(x − 2) + 5(x − 2)

Mabano pacha! Akaacha muhogo, akavuka njia mikono imemroa.

"Shardaben! Ni (x − 2)(y + 5)!"

"Ndiyo! Na njia ya jana inafika papo hapo. Ukishatoa −2 nje, ile tano ndani inakuwa ya kujumlisha. Alama tu ilikuponyoka."

Mwanapili akairudia palepale. Kweli, jawabu lile lile. Akajikuta anacheka peke yake, na safari hii chai akanywa vikombe viwili.

Mtihani alifaulu. Aliporudi kutoka Unguja akasomesha wasichana Wete miaka mingi, na mwanafunzi aliyekwama hakumgombeza. Alimwambia avipange upya vile vipande, kisha akamsubiri.

Alasiri zake aliendelea kuzimalizia kwa Shardaben, wakibishana hesabu mpaka Kantilal awaombe wapunguze sauti, wateja hawasikilizani.