Nota ya Nane na Gari la Vitumbua

Kwa miaka thelathini na saba, kila Jumatatu, Octave Delpit alikula maharage mekundu na wali kwenye meza moja na mume wa dada yake bila kumsemesha neno. Akitaka chumvi alisema, "Earline, mwambie huyo bwana asogeze chumvi." Naye Percy Glapion, aliyekaa naye kiwiko kwa kiwiko, alijibu, "Earline, mwambie kaka yako mikono bado anayo." Earline hakuwahi kupeleka ujumbe wa mtu. Aliinuka, akaitua chumvi mezani kwa kishindo, akarudi kwenye sahani yake.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa nota nane. Octave alipiga saksafoni na Percy piano. Mwaka 1957, kila mmoja na bendi yake, walirekodi nyimbo mbili tofauti zenye kibwagizo kile kile: nota saba zinazopanda kwa kuchechemea, kisha moja inayoporomoka kama mtu aliyekosea ngazi. Mtaa mzima wa Treme ulikipenda. Wanawake walikipigia mluzi wakianika nguo. Octave aliapa ni chake, Percy akaapa ni chake, na hakuna aliyekuwa na santuri ya kuonyesha nani alitangulia. Santuri ya Octave mkewe marehemu aliipasha moto kwenye oveni akaifanya chungu cha maua. Ya Percy iliazimwa na rafiki, na rafiki akahamia Los Angeles.

Ikafika mwaka 1994. Nondo walikuwa wameitafuna ikaisha bendera ya Chama cha Kusaidiana na Kufurahi cha mtaa, na bendera mpya ilikuwa ikishonwa kwa ajili ya gwaride la Jumapili. Mwenyekiti, Leander Fauria, mtu mnene mpenda amani, alitangaza kwamba bendera itabeba jina la aliyekitunga kile kibwagizo. Atakayeleta santuri ya zamani zaidi ifikapo Jumatatu, ndiye.

Percy alitaka jina lile kwa ubishi tu. Octave alilihitaji. Mke alikuwa amekufa, kifua hakikumruhusu tena kupuliza saksafoni, na baa ya Clementine, alikopiga muziki miaka ishirini, ilikuwa imegeuzwa duka la kukodisha kanda za video. Watu waliingia mle kimya na kutoka kimya, kama wanaochukua dawa. Vijana wa mtaani hawakujua kwamba mzee anayefagia baraza lake kila asubuhi aliwahi kuwachezesha bibi zao hadi viatu vikakatika visigino. Jina kwenye bendera lingewajulisha.

Basi Clementine alipomwita achukue masanduku matatu ya santuri zilizotoka kwenye mashine ya muziki ya baa, Octave aliyabeba kama mtu anayebeba mayai.

"Chukua yote, Octave," Clementine alimwambia. "Mwanangu anataka kuyatupa. Anasema siku hizi muziki unakaa kwenye kisahani kinachong'aa."

"Na ndiyo maana unasikika kama umeoshwa kwa sabuni," Octave akajibu.

Marehemu mume wa Clementine alikuwa mtu wa utaratibu: kila santuri aliiandikia kwa penseli, katikati, mwezi na mwaka alioiingiza kwenye mashine. Jumamosi asubuhi Octave alifuta vumbi gramafoni yake, akaanza kutafuta. Kabla ya saa sita alikuwa ameipata ya kwake: Machi 1957. Ya Percy: Juni 1957. Alicheza peke yake sebuleni mpaka nyonga ikamkumbusha umri wake.

Angeishia hapo, angekuwa mtu mwenye raha. Lakini sanduku la chini lilikuwa na zile santuri nzito za zamani, zinazovunjika kama vigae, na alikuwa hajazisikia tangu ujana. Akaweka moja ya 1952. Katikati ya wimbo, gitaa likapiga nota saba zinazopanda kwa kuchechemea, na moja inayoporomoka. Akaweka ya 1949. Piano, kibwagizo kile kile. Akaweka ya 1946, na humo tarumbeta ilikipiga taratibu, nota saba tu, bila haya.

Octave alikaa akiutazama mkono wa gramafoni. Kisha akazichukua zile tatu, akazisukuma chini ya mto wa kiti kikubwa, akaupigapiga mto ukakaa sawa.

Gramafoni ile haikuwa ya kuhamishwa, kwa hiyo Jumatatu maharage ndiyo yaliyohama. Earline alikuja na sufuria, Percy nyuma yake na wali, na mwenyekiti Leander nyuma yao akiifuata harufu. Octave alikuwa jikoni akitafuta vijiko alipomsikia Leander akisema, "Ah, kiti cha maana hiki."

Alikimbia. Hakuwahi. Sauti iliyotoka ilikuwa kama rundo la sahani limeangushwa.

"Huo mgongo wako au kiti?" Earline aliuliza.

Leander aliinuka taratibu, akaufunua mto. "Octave, ndugu yangu, kwa nini unaficha santuri mahali watu wanapokalia?"

"Ni takataka hizo. Ziache."

Lakini Leander alikuwa ameshavaa miwani. Alisoma vipande kimoja kimoja, "Hamsini na mbili. Arobaini na tisa," kisha akatoa ya tatu, iliyosalimika kwenye kona. "Arobaini na sita. Hii nzima. Ina nini?"

Octave angeweza kusema imechunika, haichezeki. Leander angeamini, alikuwa anataka kula. Percy ndiye aliyekuwa akimtazama, ameukumbatia wali, bila kejeli usoni.

"Earline," Percy alisema, "mwambie kaka yako aipige. Kama hataki, basi. Mimi sitasema kitu."

Hilo ndilo lililomshinda Octave. Kudanganya mbele ya Percy anayebisha kungekuwa starehe, lakini Percy anayenyamaza hakuwa amemzoea. Akaichukua ile santuri, akaiweka, akashusha sindano.

Tarumbeta ikapanda na nota zake saba. Percy akaweka wali mezani.

"Octave," alisema, na Earline akaangusha mwiko, "huyo ni Mzee Théogène."

"Siye Théogène. Théogène hakuwahi kurekodi."

"Siye, ndiyo. Lakini mlio ni wake. Yule wa gari la vitumbua la kukokotwa na nyumbu, tulipokuwa watoto. Alikuwa anapuliza ile tarumbeta yake iliyobonyea akifika kona ya kwenu."

"Nafahamu alipokuwa anapuliza," Octave alisema. "Nilidhani ni mimi tu ninayemkumbuka."

"Nitamsahau vipi? Nyumbu wake aliniuma."

"Alikuuma kwa sababu uliiba kitumbua."

"Tuliiba. Wewe ulikimbia."

Leander alikaa tena, safari hii kwenye kiti cha mbao. "Basi kwenye bendera niandike nini? Fundi anasubiri."

Octave alitazama dirishani. Pale kwenye kona sasa palikuwa na mashine ya kuuzia soda. "Andika Théogène," alisema. "Na mchore nyumbu."

"Jina lake la pili?"

Hakuna aliyewahi kulijua.

"Andika tu Théogène wa Vitumbua," Percy akasema. "Ila uongeze kwa herufi ndogo kwamba nota ya nane ni ya Percy Glapion."

"Kwa lipi?" Octave aliuliza. "Machi inatangulia Juni."

Percy aliokota kipande kimoja, akasoma jina la mpigaji. "Gitaa la hamsini na mbili unalijua lilikuwa la nani? Binamu yangu. Na nani alimfundisha?"

"Binamu yako hakuweza kufundishwa hata kufunga viatu."

Jumapili bendera ilipita Treme ikiwa na nyumbu aliyefanana zaidi na mbwa, na nyuma yake wazee wawili waliokuwa wakibishana tangu kanisani. Lakini kabla ya hapo, Jumatatu ile ile, maharage yalipoa wakati Earline akiwasikiliza, mkono shavuni. Mwishowe Octave alionja, akakunja uso.

"Percy," alisema, "chumvi."

Percy akaisogeza.