Kengele ya Saa Kumi na Mbili

Katika Parokia ya Mtakatifu Marta, nje kidogo ya mji wa Kitale, sherehe haikuwa sherehe kama Phelista Naliaka hakuipika. Ndiye aliyejua watu mia tatu watamaliza magunia mangapi ya viazi. Ndiye aliyejua mafiga yawekwe upande gani moshi usiingie kanisani. Wanaume wazima, wenye vyeo kwenye halmashauri ya parokia, walimpisha njia akishika mwiko. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mrefu, mwenye sauti ya kufika mbali, na watu walimwita Mama Rispa kwa jina la binti yake wa kwanza.

Mwaka wa 2002 mumewe, Khisa, fundi wa matrekta katika mashamba ya mahindi, alianza kukonda. Miaka ile wiki haikupita parokiani bila mazishi. Watu walisema ni kifua, ni malaria iliyopanda kichwani, ni kijicho cha jirani. Neno lenyewe halikutajwa hata kwenye maombi ya Misa. Waliombewa "wagonjwa wetu wote", halafu kwaya ikaimba.

Aliyelitaja kwa mara ya kwanza mbele ya Phelista alikuwa muuguzi wa kliniki, Zaitun, mwanamke Mwislamu mwenyeji wa Bungoma mjini. Aliwaita mume na mke, akafunga mlango, akawaambia bila kuzunguka kwamba wote wawili wana virusi vya Ukimwi. Khisa aliinamisha kichwa. Phelista aliuliza maswali mpaka Zaitun akavuta kiti akaketi.

"Watoto wangu je?"

"Uwalete tuwapime."

Rispa na mdogo wake walipimwa, wakakutwa salama. Khisa alifariki kabla mahindi ya mwaka ule hayajakomaa.

Walimzika kwao Myanga, upande wa Bungoma. Siku ya tatu, baada ya watu kunyolewa kama desturi ya matanga, ukoo uliketi kuzungumza mambo ya marehemu, na ikafika zamu ya mjane. Shemeji yake, Walubengo, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ameshavaa koti, tayari kumrithi. Mzee mmoja akaeleza kwamba nyumba ya Khisa haitakufa, kwamba Walubengo yuko tayari kuwaangalia mama na watoto, na kwamba jambo hilo liishe leo.

Phelista akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame.

"Wazee wangu, nawashukuru," alisema. "Lakini kwanza mjue kilichomuua ndugu yenu. Ni Ukimwi. Na mimi ninao. Nimepimwa."

Mama mkwe wake aliweka kiganja mdomoni. Walubengo alisogea mbele kwenye kiti.

"Shemeji, unatuaibisha mbele ya watu, bana!"

"Aibu itapita, Mwalimu. Mke wako yuko pale, ana mtoto mgongoni. Mimi sitaki kurudi hapa kuwazika."

Mke wa Walubengo alikuwa kweli pale, karibu na ghala. Phelista alipokuwa akifunga mizigo yake kuondoka, mwanamke huyo alimletea kuku wawili waliofungwa miguu, akamkumbatia, akarudi jikoni.

Maneno ya Myanga yalifika Kitale kabla yake. Jumapili iliyofuata alikuta benchi lake la kawaida limebaki na watu wawili tu. Padre Kimaiyo aliposema watu watakiane amani, mikono iliyozoea kumfikia iliishia hewani, wengine wakaona heri kumpungia kutoka mbali. Yeye aliwafuata mmoja mmoja, akawasalimia kwa mkono, na hakuna aliyethubutu kumnyima.

Jambo lililomuumiza lilikuja mwezi wa tano mwaka uliofuata. Askofu alikuwa aje kutoa Kipaimara, na akina mama wa parokia walikutana kugawana kazi. Phelista alifika na daftari lake la vipimo. Mwenyekiti wao, Mama Edah, mwanamke mpole aliyependa mambo yaende bila kelele, alimvuta pembeni, nyuma ya sakristia.

"Mama Rispa, mwaka huu tumeonelea upumzike. Umefiwa. Umechoka."

"Sijachoka."

"Ni vile... askofu anakuja na wageni. Watu wanaongea, unajua. Ati chakula..."

"Mama Edah, sema neno lenyewe."

Edah alitazama viatu vyake. Hakulisema. Phelista alifunga daftari, akaenda nyumbani, akakaa kwenye ngazi ya jikoni na kulia mpaka Rispa alipotoka shuleni. Kisha akaosha uso.

Asubuhi yake alikwenda kwa Padre Kimaiyo kumwomba majina ya wagonjwa wote anaowapelekea Komunyo nyumbani. Padre alisita. Alikuwa kijana bado, mtu wa Marakwet, na mazishi yalikuwa yamemchosha.

"Wengine hawataki kujulikana, Mama."

"Njaa inawajua, Padre. Mimi nawapelekea uji. Siendi kuwahubiria."

Yalikuwa majina kumi na moja. Phelista alisaga wimbi, akachanganya na soya, akapika kwenye sufuria yake ya sherehe, ile ile iliyokataliwa, akaifunga nyuma ya baiskeli ya marehemu mumewe. Nyumba ya kwanza alimkuta mwanamume amelala peke yake, mlango umeegemezwa kwa jiwe kwa nje, majirani wakimwachia maji dirishani kama wanalisha mnyama. Alimwogesha, akambadilisha shuka, akamnywesha. Siku ya Kipaimara, wakati askofu anaweka mikono juu ya vijana, yeye alikuwa nyumba ya saba. Jioni alisikia kwamba wali uliungua chini na ukabaki mbichi juu, na ile nyama haikuiva. Alicheka peke yake barabarani, kisha akajiambia hiyo itakuwa dhambi ndogo tu.

Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa na wenzake wanne wa kumsaidia, wote wajane. Walimwogopa kidogo, nao walimpenda. Wengi kati ya wale wagonjwa walikufa, lakini walikufa wameoga, wakiwa na mtu wa kuwashika mkono. Phelista alisema hilo si dogo.

Mapema mwaka wa 2004, katikati ya asubuhi, Mama Edah alisimama langoni kwake, kitambaa kimeshushwa mpaka kwenye nyusi. Phelista alikuwa anapalilia sukuma wiki. Hakuacha jembe.

"Karibu."

"Ni Agneta," Edah alisema.

Agneta, binti yake, alikuwa karani Bungoma. Wote waliambiwa amepata kazi Kisumu. Kumbe kwa miezi minne alikuwa amelala katika chumba cha nyuma cha mama yake, madirisha yamefunikwa mablanketi. Phelista alitupa jembe, wakaenda pamoja. Msichana alikuwa mwepesi kama kikapu, vidonda vimejaa mdomoni, macho tu ndiyo yaliyobaki makubwa.

"Mama Rispa," alinong'ona, "si nilikuwa nakula mandazi yako."

"Utayala tena. Nyanyua mkono nikuvalishe."

Edah hakutaka kuonekana katika kliniki yoyote ya Kitale. Phelista hakubishana naye, maana alijua Zaitun amehamishiwa Bungoma, kwao, na kwamba dawa mpya za kupunguza makali zimeanza kufika huko. Padre Kimaiyo aliwapeleka kwa pikapu ya parokia, Agneta amelazwa kwenye godoro nyuma, mama zake wawili wakimshikilia huku na huku, mpaka Bungoma.

Zaitun alimpima, akamwandalia kitanda, kisha akageuka kwa Edah.

"Hizi dawa ni za maisha. Asubuhi na jioni, saa ile ile, bila kukosa hata siku moja. Lazima awe na mtu wa kumsimamia. Ni nani?"

"Ni mimi, mamake."

"Mtoto anaumwa nini?"

Edah akavuta kitambaa chake usoni. Zaitun akasubiri, kalamu mkononi.

"Mama, huwezi kumpa mtu dawa ya ugonjwa usioweza kuutaja."

Nje baiskeli za boda zilikuwa zikipiga kengele zao.

"Ukimwi," Edah alisema. "Mtoto wangu ana Ukimwi." Kisha akamgeukia Phelista. "Na nilikuzuia usiwapikie watu. Nisamehe."

"Ulininyima kupika tu. Hilo nimeshalisahau," Phelista alijibu, ingawa hakuwa amelisahau.

Zaitun hakuwa amemaliza. "Na wewe unyooshe mkono. Ni zaidi ya mwaka sijaona damu yako."

Majibu yalirudi baada ya siku chache, na yalikuwa mabaya. "Unatembea kama askari," Zaitun alimwambia, "lakini damu yako imechoka kuliko unavyojua. Unaanza dawa leo, pamoja na Agneta." Phelista, aliyekuwa amewashika mikono watu wengi wakifa, alitoka nje akakaa kwenye benchi. Aliwaza Rispa na mdogo wake. Aliwaza nani atawapikia. Edah akamfuata.

"Kaa hapa na mimi," Phelista alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwomba mtu kitu tangu Khisa afe. Edah alikaa, akamshika mkono mpaka walipoitwa.

Shida ya kwanza waliporudi Kitale ilikuwa saa. Nyumba nyingi hazikuwa na saa ya kutegemewa, na redio zilikuwa zikiishiwa betri. Siku ya tatu Agneta alichelewa dawa kwa saa mbili kwa sababu mama yake alidhani jua bado. Phelista aliwaza jambo hilo akiwa anafua, na jibu likamjia likiwa rahisi mpaka akajicheka. Parokia ilikuwa na kengele: rimu ya lori iliyotundikwa kwenye msonobari, iliyopigwa saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni kwa sala ya Malaika wa Bwana. Tatizo ni kwamba mpiga kengele, Mzee Wahome, alikuwa akiipiga anapokumbuka.

Alimwendea nyumbani na kumweleza. Mzee alikunja uso.

"Kengele ya Bikira Maria imekuwa ya vidonge sasa?"

"Mzee, mtu akisali Malaika wa Bwana akiwa hai, Bikira Maria atakasirika?"

Wahome alifikiri. Alikuwa amezika wana wawili, na kwa wote wawili alikuwa amesema ni malaria. Akaingia ndani, akatoka na saa yake ya mkononi, ya zamani ya kutia ufunguo. "Nitajie dakika," alisema. Tangu siku hiyo hakukosa, hata mvua ya Agosti ikimwagika.

Mwishoni mwa mwaka watu thelathini na wanne wa mtaa ule walikuwa wakimeza dawa kwa mlio huo. Baadhi yao walikuwa Waislamu wa karibu na msikiti, na wengine hawakuwa na dini. Jirani akiuliza kwa nini umesimama ghafla na kikombe cha maji, ungeweza kusema unasali, na mara nyingi ungekuwa unasali kweli. Padre Kimaiyo alianza kulitaja neno lenyewe kwenye maombi ya Misa. Jumapili ya kwanza watu waliguna. Ya tatu waliitikia kama kawaida.

Agneta alirudi Bungoma kazini mwaka uliofuata, mashavu yamejaa, na Jumapili moja akasimama mwenyewe baada ya matangazo kueleza alikotoka. Mama yake alisimama kando yake bila kitambaa kichwani. Akina mama walimwomba Phelista arudi kupika. Alipika Krismasi na sikukuu ya Mtakatifu Marta, somo wa parokia, mara mbili tu kwa mwaka, kwa sababu, alisema, siku nyingine ana kazi.

Jumamosi moja ya Novemba 2006, Padre Kimaiyo alifika kwake akiwa amevaa shati la kawaida, mikono mfukoni. Alionekana kama mtu aliyepoteza kitu.

"Leo sina mazishi," alisema. "Hakuna hata moja. Nimetazama kalenda mara mbili."

"Basi kaa," Phelista alimwambia, akamsukumia kigunia cha kukalia na rundo la mahindi makavu. Wakapukuchua pamoja kivulini mwa ghala, padre akijikwaruza vidole, yeye akimcheka, Rispa akiwaletea chai. Mavuno yalikuwa mazuri mwaka ule.

Karibu na saa sita mwanamke mgeni alisimama langoni, mtoto mkononi, akauliza kwa sauti ya chini kama hapa ndipo kwa Mama Rispa. Phelista alijikung'uta makapi kwenye nguo.

"Ndipo," alisema, akitembea kumpokea. "Padre, maliza hilo rundo. Ingia, dada. Umetoka wapi?"