Dobi wa Section 58 aliyesugua vibuyu vya jirani

Saa tatu asubuhi katika ploti moja ya Section 58, Nakuru, Nyakio anafua shati ambalo lilishatakata zamani. Mikono imo kwenye povu, lakini macho yako kwenye kibuyu kilichowekwa juu ya stuli, mlangoni kwa jirani.

"Shosho, hilo shati la watu litatoboka," jirani huyo, Jepchumba, anamwambia bibi huyo.

Ndani ya kibuyu mna mursik, maziwa ya kugandishwa ambayo Wakalenjin hawafanyi sherehe bila hayo. Jepchumba ndiye muuzaji. Lakini hii ameitengeneza Nyakio, dobi, Mkikuyu wa miaka sitini na mmoja, mara ya kwanza bila kushikwa mkono. Na muda wowote sasa anafika Kogo Chesang, nyanya kutoka Salgaa, kuionja. Kesho ni posa ya mjukuu wake. Akiikataa, oda imekwenda, na jina la Jepchumba limekwenda nayo.

Haya, dobi aliingiaje kwenye maziwa?

Nyakio amefulia watu wa mtaa wa Milimani tangu nyumba yake iteketee Molo, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, Wakikuyu na Wakalenjin walipopigana. Alikuja mjini na watoto na blanketi moja. Watoto wakakua, wakatawanyika. Jepchumba naye aliachwa na mume dereva wa lori, aliyejipatia nyumba nyingine huko barabarani. Mlango kwa mlango, karibu mwaka mzima, wawili hao walikuwa watu wa "habari" na "nzuri" tu.

"Nikisikia anaongea Kikalenjin kwenye simu, nilikuwa nafunga dirisha," anasema Nyakio. "Hakunikosea kitu. Ni kichwa changu."

Kisha homa ikamlaza Jepchumba. Nyakio alimsikia akikohoa, akangoja watu wake waje. Hakuja mtu. Akaingia, akabandika uji, na alipokuwa akiungoja uive akaona vibuyu vimepangwa ukutani. Akachungulia ndani. Vyeusi tititi.

"Nikasema maskini, ameugua hata vyombo hajaosha. Mimi nikiona weusi mkono unaniwasha. Nikatia sabuni, nikatia mchanga, nikasugua mpaka vikalia."

Weusi ule ndio uliokuwa kazi yenyewe. Ni makaa ya mti wa senetwet, yanayosuguliwa ndani ya kibuyu ili maziwa yapate ladha na yakae bila kuharibika. Jepchumba aliamka, akavinusa vibuyu vyake. Vyote vilinukia sabuni ya unga.

Anasema alitaka kupiga mayowe. Halafu akaiona sufuria ya uji, akacheka hadi mbavu zikauma.

"Mwaka mzima hakuna mtu ameingia kwangu," anasema. "Anaingia mmoja, ananimalizia biashara. Sasa huyo nikimfukuza, nabaki na nani?"

Akampa adhabu: ajifunze kazi, wavitayarishe vingine pamoja. Adhabu hiyo haijaisha mpaka leo. Nyakio ameunguza vidole, ameunguza kilemba, amemwaga maziwa ya watu, na bado kila jioni wanakula sufuria moja wakitupiana maneno.

Geti linalia. Kogo Chesang anaingia na bakora yake, anakataa kiti. Jepchumba anatikisa kibuyu, anammiminia. Nyanya anakunywa, anafumba macho, anauliza imetengenezwa na nani. Jepchumba anajibu haraka kwamba ni mtu wa kwao.

"Ni mimi, kogo," Nyakio anadakia, akijipangusa povu kwenye leso. "Mimi ni Mkikuyu wa Molo. Usidanganywe."

Kogo ananyoosha kikombe aongezewe.

"Nimeuliza nani, sijauliza kabila," anasema. "Makaa umetia kidogo, kama mtu anayeogopa kuchafua. Kesho uje umimine wewe mwenyewe. Wageni wakilalamika, wakuone uso."

Jepchumba anapiga kigelegele mpaka wapangaji wa juu wanachungulia. Papo hapo wanaanza kupanga: Nyakio atapunguza nyumba anazofulia, watatafuta kibanda karibu na barabara, watauza kwa jina la wote wawili. Wanabishana jina la nani litangulie.

Ghafla Nyakio anaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Tangu Molo sijaalikwa kwa watu," anasema. "Nguo za sherehe za Nakuru hii nimezifua, lakini yangu mimi ndiyo sina."

Jepchumba keshaingia ndani. Sauti yake inatoka kule kabatini, ikiuliza kama kiuno cha Nyakio kitaingia kwenye gauni moja la njano alilonalo humo.