Njuki na Vigoda vya Miguu Iliyopindwa

Njuki alikuwa seremala wa Karurumo, na kabla Sista Aino hajafika watu walimsifu kwa jambo moja tu: milango yake haikukwama wakati wa mvua. Ufundi aliupata misheni, akipiga randa mabenchi ya kanisa. Alikuwa mrefu, wa maneno machache. Mkewe, Ciakuthii, alizoea kumtania kwamba kama yeye mkewe angezaliwa mbao, mumewe angemtazama zaidi.

Sista Aino alikuja mwaka wa 1951 kuuguza kwenye zahanati ya misheni. Alitoka Ufini, nchi ambayo hata mwalimu wa shule alipoulizwa aliitafuta kwanza kwenye ramani. Njuki ndiye aliyeitwa kumfungulia masanduku. Watu waliosimama pale walingojea vyombo vya Kizungu wanavyovijua, vikombe vya maua na fremu za kung'aa. Yakatoka magilasi mazito yasiyo na ua hata moja, kitambaa cha meza chenye mistari miwili, na vigoda vitatu vya miguu mitatu. Mpishi wa misheni alicheka, akasema huyu mzungu lazima amefilisika.

Njuki hakucheka. Aliinua kigoda kimoja, akashangaa kilivyokuwa chepesi. Mguu ulipanda wima, halafu karibu na juu ukajikunja kama goti na kulala chini ya kikalio. Hakuona msumari.

"Sista, hii ni ya watu maskini kwenu?"

Sista Aino bado alikuwa anajikokota katika Kiswahili. "Ya maskini. Ya tajiri pia. Watu wanakalia hii jikoni, shuleni, hospitali. Kwetu kitu kizuri si cha wageni tu. Ni cha kila siku."

Maneno hayo Njuki alienda nayo nyumbani. Miaka ile mtu mweusi hakuketi mbele ya Mzungu, na kwa chifu alisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Njuki mwenyewe alikuwa ametengeneza viti vya mikono kwa wakubwa wengi, na kwake alikula akiwa juu ya gogo.

Mwaka uliofuata mguu mmoja ulivunjika chini ya mgonjwa mnene, kigoda kikaletwa kwa Njuki. Hapo ndipo alipoiona siri yake. Ncha ya mguu ilikuwa imepasuliwa kwa msumeno mara kadhaa, kama kurasa za kitabu, na katika kila mpasuo pamepachikwa ubao mwembamba wenye gundi. Ndiyo maana mti ulikubali kupinda bila kukatika.

Akaanza kujaribu kwa muringa, mti ambao wazee walichongea mizinga ya nyuki. Alivunja miguu mingi hata Ciakuthii akawa hakosi kuni. Mwishowe aliokota bomba la chuma la maji lililotupwa na misheni, akaliziba upande mmoja kwa udongo, upande wa pili akauelekeza kwenye debe linalochemka. Ubao ukiwa ndani ya bomba ulilainika kwa mvuke. Gundi aliipika kwa kwato alizopewa na Sulemani, mwenye bucha Runyenjes, na harufu yake ilifukuza kuku uani.

Mguu wa kwanza ulipokubali, alimpima mkewe kutoka goti hadi kisigino ili ajue urefu wa kigoda.

"Mbona wanipima kama maiti?" Ciakuthii akauliza.

"Maiti haiketi," akasema, na hiyo ilikuwa mara moja kati ya chache alizomchekesha.

Ciakuthii alikuwa na mgongo mbovu tangu alipomzaa binti yao, Mwendwa. Juu ya kigoda kile aliweza kuchambua maharagwe asubuhi nzima bila kuinuka akijishika kiuno. Vigoda vya Njuki vilipangika kimoja juu ya kingine, vikachukua nafasi ya kimoja tu. Sulemani alinunua viwili vya bucha, walimu wakaagiza, na Sista Aino akachukua vinne kwa ajili ya wajawazito waliongojea nje ya zahanati. Siku ya kuvichukua alivipapasa chini, palipo na kiungo, akasema, "Sasa si vya kwetu tena. Hivi ni vyako."

Halafu ikaja Hali ya Hatari, Serikali ya kikoloni ilipopigana na watu walioingia msituni kudai ardhi. Mwanzoni Karurumo iliisikia kwa mbali. Kufikia 1954 kulikuwa na homugadi, askari wenyeji wa Serikali, katika kila kilima, na mkubwa wao pale alikuwa Kithaka, mtu aliyekua pamoja na Njuki pale misheni. Kithaka alimwagiza kiti kama cha DC, mkuu wa wilaya, chenye mikono na mgongo mrefu. Njuki, ambaye hakuwa na mbao za kutosha, akampelekea kigoda, kizuri kuliko vyote alivyowahi kufanya.

Kithaka alikitazama, hakukikalia. "Wazee wa zamani ndio waliokalia miguu mitatu. Mimi ni mtu wa Serikali. Unanicheka, Njuki?"

"Sikucheki. Kikalie kwanza uone."

"Utaona wewe."

Wiki mbili baadaye homugadi waliingia karakana ya Njuki asubuhi, pamoja na afisa kijana wa Kizungu. Walikuta bomba la chuma, na kando yake miguu miwili iliyopindwa ambayo bado haikupachikwa. Siku hizo watu wa msituni walitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji na vipande vya mbao, na kila askari alishaonyeshwa moja. Kithaka akauweka mguu uliopindwa chini ya bomba, akaushika kama anayelenga shabaha. Afisa alitikisa kichwa polepole. Kwa kweli ilifanana.

"Ni ya vigoda," Njuki akasema. "Nipeni moto na debe la maji niwaonyeshe. Saa moja tu."

Hakupewa hiyo saa moja. Karakana ilichomwa akiwa bado anaitazama, na kwenye kituo cha homugadi walimhoji kwa rungu. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilivunjwa. Havikufungwa inavyotakiwa, vikapona vimejikunja.

Kosa la kutengeneza bunduki lilikuwa la kunyongwa. Sista Aino aliposikia, alibeba kigoda chake mwenyewe hadi kwa Bwana DO, afisa wa tarafa, huko Embu, akakiweka juu ya meza na kueleza kila kitu. Bwana DO alikigeuzageuza, akasema ni kazi safi kabisa. Pengine ndicho kilichomwokoa Njuki na kamba, kwa sababu shtaka la bunduki liliondolewa. Lakini hakuachiliwa. Iliandikwa barua ya kumzuilia bila kesi, akapelekwa kambi ya mbali, kwenye nyika. Sista aliporudi mara ya pili kudai aachiliwe, mkuu wa misheni alimwita akamwambia kwamba wao ni wageni katika nchi hii, na akiendelea zahanati itafungwa. Sista Aino akanyamaza.

Ciakuthii naye aliamriwa kuhama. Watu wa kilima kizima walipewa asubuhi moja tu kuingia katika kijiji kimoja kilichozungushiwa mtaro na miti iliyochongwa ncha. Vigoda sita vilikuwa vimebaki jikoni. Alivipanga, akavibeba kichwani vyote kwa safari moja, Mwendwa mgongoni. Nyuma yake nyumba ikatiwa moto.

Huko kijijini wanawake walichimba mtaro kutwa, na kwa siku walipewa muda wa saa moja tu wa kuteka maji au kutafuta kuni. Mwezi wa saba, baridi ikiwa kali na ukungu haujaondoka hata adhuhuri, surua iliingia. Mwendwa alishikwa nayo siku ambayo kafyu iliongezwa, kwa sababu mtu wa msituni alionekana karibu. Hakuna aliyeruhusiwa kutoka nje ya mtaro kwa siku tano. Kuni ziliisha siku ya kwanza.

Njuki aliachiliwa mwaka wa 1959. Aliikuta nyumba ya mkewe katika mstari wa nyumba zinazofanana, akasimama mlangoni mpaka Ciakuthii akainua uso. Walisalimiana kama watu wa mbali. Habari za kifo cha Mwendwa alikuwa amezipata kwa barua ya mistari miwili. Alitazama pembe za nyumba.

"Baba Mwendwa," Ciakuthii akasema, "usivitafute. Nilivichoma."

Njuki aliweka furushi lake chini.

"Mtoto alikuwa anatetemeka. Nilianza na kimoja, nikasema vitano vitabaki. Nilivipasua kwa jembe, na gundi yako haikuachia hata kidogo. Cha mwisho ni kile ulichonipimia. Nilimchemshia uji nacho, akanywa vijiko viwili."

"Viliwaka vizuri?"

"Viliwaka vizuri."

"Muringa uliokauka huwaka vizuri," Njuki akasema, akatoka nje. Ciakuthii hakujua kama mumewe alimsamehe au alimhukumu, na mpaka alipokufa hakujua.

Sista Aino alikuwa ameshaondoka nchini miaka mitatu kabla. Alimwachia Njuki barua kwa katekista. Aliandika kwamba alinyamaza kwa sababu ya wagonjwa wake, na kwamba haombi asamehewe. Njuki alisomewa mara mbili. Watu walingoja aseme kwamba anaelewa, maana ni kweli zahanati ile iliokoa wengi. Alisema, "Kwa hiyo tulipimwa, wagonjwa wake na mimi, mimi nikaonekana mwepesi."

Shamba lake halikuwepo. Ardhi ilipopimwa upya na kukusanywa, walio kizuizini hawakuwa na wa kuwasemea, na kipande chake kilicho kando ya mto kiliandikwa jina la Kithaka. Kahawa ilikuwa tayari imefika kiunoni. Sulemani alimletea randa mpya kama zawadi, akamwambia mkono utazoea. Njuki alijaribu siku moja. Vidole havikuweza kufunga mshiko, randa ikaruka na kulima ubao. Akairudisha Runyenjes kwa miguu siku hiyo hiyo, imefungwa katika gazeti.

Msimu wa kuchuma ulipofika, alisimama foleni katika shamba la Kithaka pamoja na wanawake na vikapu vyao. Karani kijana, ambaye hakuwa mtu wa pale, aliandika majina.

"Jina?"

"Njuki."

"Una ufundi wowote, mzee? Kuna malipo tofauti kwa mafundi."

Ciakuthii, aliyekuwa nyuma yake katika foleni, alimgusa bega ili aseme. Njuki alichukua kikapu chake.

"Andika kibarua," akasema, akaingia katika mistari ya kahawa.