Unga Mbele ya Kakakuona

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, sebule yetu pale Tunduma ilijaa wanyama waliokufa kabla Baba hajazaliwa. Baba alikuwa dereva wa lori, na aliwanunua ng'ambo, Zambia, kwenye nyumba za mashamba ya Wazungu wa zamani: digidigi, ndege ndani ya vioo, na kakakuona mkavu aliyejazwa pamba. Wageni walikaa ukingoni mwa viti. Mimi niliwazoea wote isipokuwa kakakuona. Tumbo lake lilidondosha vumbi jeupe, na sikupenda kumpa mgongo.

Bibi, mama yake Baba, alikuja kutoka Itumba kumwona mdogo wangu Amani aliyekuwa anaumwa surua. Aligoma kabisa kula sebuleni. Alinisimulia kwamba kwao kakakuona akionekana, wazee humwekea mkuki, maji na unga. Akiendea mkuki ni vita, maji ni mvua, unga ni uzima. Na unga aliougusa hurudishwa ndani, ukaliwe kama baraka.

Basi mchana mmoja, Mama akiwa uani anafua, nilimteremsha yule kakakuona. Nikamwekea kisu badala ya mkuki, maji kwenye kikombe, na unga wa uji wa Amani kwenye sinia. Nikamuuliza kama Amani atapona. Nikasubiri, mjinga mimi. Hakusogea, kwa hiyo nikamsukuma mwenyewe mpaka pua na tumbo vikazama kwenye unga. Kisha nikaurudisha wote kwenye kopo lake.

Bibi ndiye aliyeiona ile pua yenye unga. Hakunifokea, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Huyu huulizwa akiwa hai, mjukuu wangu," alisema. "Ukimuuliza maiti, atakujibu habari za kwao. Unga uko wapi?"

"Nimeumwaga."

Niliogopa fimbo, hakuna sababu nyingine. Asubuhi Mama alikoroga uji. Amani alikuwa ameanza kupata nafuu, akamaliza kikombe kizima na kuomba kingine. Mchana akaanza kutapika, na siku ya tatu tukamzika. Baada ya matanga Bibi aliwafukia wale wanyama wote nyuma ya nyumba, na Baba hakumzuia.

Ukubwani nilipata kazi kwenye nyumba moja ya makumbusho. Siku ya kwanza tulipewa glavu, tukaambiwa ngozi za kale zilipakwa arseniki, sumu ya kuzuia wadudu, na kwamba vumbi lake bado linaua. Nilitoka nje nikakaa chini.

Sijui kama ilikuwa sumu, au surua, au maiti aliyejibu. Mama ni mzee sasa, na husema ni surua. Kopo lile la unga bado analo, anawekea sindano na nyuzi. Kila nikienda kumsalimia hunituma nimletee. Huwa ninamletea, namtungia uzi kwenye sindano, na sijawahi kumwambia.